Presha ya Macho Isiyokubali Kushuka: Leza Inaweza Kutusaidia Nini?

Yako magonjwa yanayobisha hodi. Malaria hubisha kwa homa, jino hubisha kwa maumivu, na tumbo la mtoto hutukesha usiku kucha. Lakini uko ugonjwa mmoja wa macho unaoingia nyumbani bila hodi. Hukaa humo miaka mingi, na siku unapojulikana huwa umekwisha kuchukua sehemu kubwa ya nuru. Ugonjwa huo ni glaukoma, ambao wengi wetu tunauita presha ya macho.

Mama mpendwa, huenda umewahi kumwona baba mkwe akigonga kikombe kilichokuwa kando yake mezani. Huenda umemwona mama yako akijikwaa kizingiti anachokivuka kila siku tangu alipoolewa. Nyumbani tukasema, "Ni uzee." Pengine ni uzee kweli. Lakini pengine macho yake yameanza kufumbwa kutoka pembeni, taratibu, naye mwenyewe hajui.

Sisi wauguzi tunaohudumia wagonjwa wa macho tunaulizwa swali moja mara nyingi siku hizi: "Tumesikia kuna leza. Je, itamponya mzee wetu?" Swali hili linahitaji jibu la kweli, kwa sababu jibu la nusu limewaumiza watu wengi. Katika makala hii tutaeleza ugonjwa huu ni nini, kwa nini presha ya jicho la mtu mwingine hukataa kushuka hata akitumia dawa, na leza inaweza kufanya nini na haiwezi kufanya nini.

Jicho lina maji yake

Ndani ya jicho, sehemu ya mbele, kuna maji safi yanayotengenezwa mchana na usiku. Haya si machozi. Machozi yako nje ya jicho. Maji haya yako ndani, nayo hulisha jicho na kulipa umbo lake. Yanatengenezwa na kiungo kidogo kilichojificha nyuma ya ile sehemu yenye rangi inayozunguka mboni. Kisha maji hayo hupita kwenye mboni na kutoka kupitia chujio dogo sana lililoko pembeni, pale nyeusi ya jicho inapokutana na nyeupe.

Fikiria kitambaa tunachochujia tui la nazi. Kikiwa kipya, tui hupita bila taabu. Kikikaa na machicha siku nyingi, tui hupita kwa shida, nawe unalazimika kukamua kwa nguvu. Ndivyo inavyokuwa katika glaukoma iliyo ya kawaida zaidi kwetu. Maji yanatengenezwa kama siku zote, lakini chujio limekuwa zito. Maji yakizidi, presha ya jicho hupanda.

Presha hiyo hupimwa hospitali kwa kifaa maalumu. Kwa watu wengi huwa kati ya milimita 10 na 21 za zebaki. Inapopanda na kubaki juu, huubana mshipa wa fahamu unaopeleka picha kutoka jichoni hadi kwenye ubongo. Nyuzi za mshipa huo hufa kidogo kidogo, na zikishafa hazioti tena. Wako pia wenye presha isiyozidi 21 ambao mshipa wao unaharibika, na ndiyo maana daktari hapimi presha tu, bali huchungulia mshipa wenyewe nyuma ya jicho na kupima upana wa eneo ambalo mgonjwa anaona.

Tuseme wazi hapa: presha ya macho si presha ya damu. Tumewaona akina mama wakigawana vidonge vya presha ya damu na jirani mwenye presha ya macho. Hilo halisaidii, tena ni hatari.

Ugonjwa huu si wa watu wachache. Katika uchunguzi uliofanywa Kongwa, mkoani Dodoma, na kuchapishwa mwaka 2000, watu 3,268 wenye umri wa miaka 40 na zaidi walipimwa macho. Karibu watu 4 katika kila 100 walikutwa na glaukoma. Hebu hesabu waumini wa umri huo walioketi kanisani kwenu Jumapili iliyopita, uone ni wangapi huenda wanao bila kujua.

Matone ya kila siku

Kwa miaka mingi tiba ya kwanza imekuwa dawa ya matone. Mojawapo inayotumika sana kwetu ni timolol. Hupunguza maji yanayotengenezwa ndani ya jicho, na mtu akiitumia kama alivyoelekezwa, presha hushuka. Shida ni kwamba inatakiwa kutumika kila siku, mwaka baada ya mwaka, na mtu ambaye haumwi chochote.

Tunajua ilivyo ngumu. Chupa ni ndogo nayo huisha upesi. Mwezi wa kufungua shule, fedha ya dawa inakwenda kwenye sare. Duka la dawa lililo karibu halina. Lililonalo liko mjini, na nauli ya kwenda na kurudi inakaribia bei ya dawa. Mgonjwa anajiambia, "Mbona siumwi? Nitanunua mwezi ujao." Miezi inapita, na nuru inakwenda nayo.

Ndipo mgonjwa anaporudi kliniki na daktari akikuta presha iko juu vilevile. Kwenye kadi huandikwa kwamba presha haijadhibitiwa. Hapo sisi wauguzi tumejifunza kuuliza kwanza swali dogo kabla ya maswali makubwa.

Tunamkumbuka bibi mmoja aliyeletwa na mke wa mwanawe. Alikuwa amepewa dawa mbili za matone na presha haikushuka. Tulimwamkia, "Shikamoo, bibi." Akaitikia, "Marahaba, wanangu." Tukamwomba atoe chupa yake atuonyeshe anavyojitia dawa. Akainua uso, akaminya chupa, tone likaanguka shavuni. Akaminya tena, likaanguka kwenye kope. Akajifuta kwa pembe ya khanga, akasema, "Ndivyo ninavyofanya siku zote, wanangu. Asubuhi na jioni sikosi."

Mkwe wake aliinama kwa huzuni. Fedha ya dawa ile ilikuwa imetoka kwenye biashara yake ya maandazi. Bibi hakuwa mkaidi na dawa haikuwa mbovu. Ila dawa ilikuwa haifiki jichoni, kwa sababu mikono yake ilitetemeka na macho yenyewe hayakuona chupa ilipo.

Basi, mama, kabla hamjasema dawa imeshindwa, angalieni kama inaingia. Mgonjwa alale chali au ainue uso. Vuta kope la chini taratibu lifanye kijifuko, tia tone moja tu ndani yake, kisha afumbe jicho bila kulikaza. Bonyeza kwa kidole ile kona ya jicho iliyo karibu na pua kwa dakika moja au mbili, ili dawa isiteremke puani na kooni. Kama kuna dawa ya pili, ngojeni dakika tano. Na kama mgonjwa ana pumu, au mapigo yake ya moyo ni ya polepole, daktari aambiwe kabla hajapewa timolol, kwa kuwa dawa hiyo inaweza kumbana kifua na kuupunguza mwendo wa moyo.

Hata hivyo, wako ambao dawa inaingia vizuri na presha bado inakataa. Wako ambao dawa inawadhuru. Na wako wengi ambao hawawezi kuinunua kila mwezi, hata wakijitahidi namna gani. Hao ndio ambao leza imewafungulia mlango.

Leza ni nini?

Leza ni mwanga. Si kisu wala si sindano. Ni mwanga wa rangi moja uliokusanywa mahali pamoja, hata ukaweza kulengwa kwenye sehemu ndogo kuliko kichwa cha pini. Kuna mashine za leza za namna mbalimbali, na kazi zake katika jicho hazifanani. Watu wanaposema "amepigwa leza", inafaa kuuliza ni leza ipi.

Leza ya kwanza ni ile inayoelekezwa kwenye chujio. Mwaka 1979, madaktari Wise na Witter wa Marekani walichapisha matokeo ya kutumia leza kwenye chujio la jicho ili maji yatoke vizuri zaidi. Leza ya wakati ule iliunguza vijisehemu vya chujio na kuacha makovu, kwa hiyo haikufaa kurudiwa rudiwa. Katika miaka ya 1990 daktari Mark Latina na wenzake, nao wa Marekani, walitengeneza njia ya upole zaidi. Mwanga wake hupiga kwa muda mfupi kupita kiasi, ukagusa chembe zenye rangi tu, na kuziacha nyingine salama. Mwili wenyewe ndio unaoanza kulisafisha chujio. Kwa kuwa haiachi makovu kama ile ya zamani, leza hii inaweza kurudiwa nguvu yake inapopungua.

Leza ya pili ni ya kutoboa kitundu kidogo kwenye ile sehemu yenye rangi inayozunguka mboni. Hii ni kwa watu ambao chujio lao limezibwa kwa sababu sehemu hiyo imesogea mbele. Kitundu hicho huwapa maji njia nyingine.

Leza ya tatu ni ya macho yaliyo magumu kabisa, ambayo dawa na hata operesheni zimeshindwa kuyatuliza. Hii haigusi chujio. Huelekezwa kwenye kile kiungo kinachotengeneza maji ili kipunguze kazi yake. Kama sinki haliachii maji, basi tunapunguza bomba.

Tuliyojifunza Moshi

Kwa muda mrefu leza ya chujio ilionekana kuwa tiba ya nchi tajiri. Kati ya mwaka 2015 na 2017, wagonjwa 201 wa glaukoma waliingizwa katika utafiti kwenye hospitali ya KCMC, Moshi, chini ya Mlima Kilimanjaro. Kwa kupangwa bila upendeleo, nusu yao walipewa matone ya timolol na nusu wakapigwa leza ya chujio. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021 katika jarida la The Lancet Global Health.

Baada ya mwaka mmoja, katika kila macho 100 yaliyopewa matone, 31 yalikuwa yamefikia presha iliyotakiwa. Katika kila macho 100 yaliyopigwa leza, yalikuwa 61. Baadhi ya macho hayo yalihitaji kupigwa leza mara ya pili. Tena tukumbuke kwamba wale wa matone walifundishwa jinsi ya kuyatumia, nao walikuwa wakifuatiliwa na watafiti. Huko vijijini kwetu, ambako hakuna wa kumfuatilia mtu, tofauti haiwezi kutushangaza.

Nchini Uingereza nako, utafiti wa wagonjwa 718 waliokuwa ndio kwanza wameanza tiba ulichapishwa mwaka 2019. Baada ya miaka mitatu, karibu 74 katika kila 100 waliopigwa leza walikuwa hawahitaji matone kabisa. Mwaka 2022 mwongozo wa tiba wa nchi hiyo ulibadilishwa, leza ya chujio ikawa tiba ya kwanza kwa wagonjwa wengi wa glaukoma ya kawaida. Yaani leza si jambo la kungojea mpaka dawa zote zishindwe. Mgonjwa anaweza kumwuliza daktari habari zake tangu siku ya kwanza.

Hesabu hizo zasema jambo la pili pia. Moshi, karibu macho 39 katika kila 100 hayakufikia lengo hata kwa leza. Leza husaidia wengi, haisaidii wote. Na hakuna awezaye kujua kabla, ila kwa kupima presha baada ya leza.

Siku ya leza ikoje?

Wengi wanaogopa. Wanadhani watalazwa, au jicho litatolewa nje na kurudishwa. Hakuna jambo kama hilo.

Kwa leza ya chujio, mgonjwa hufika asubuhi akiwa amekula na amekunywa dawa zake kama kawaida. Hutiwa tone la dawa ya kuzuia presha isipande ghafla, na tone la ganzi. Kisha huketi mbele ya mashine, akaweka kidevu mahali pake na paji la uso mahali pake, kama anavyofanya siku ya kupimwa. Daktari huweka kioo kidogo juu ya jicho na kuanza kulenga. Mgonjwa huona mwanga ukimetameta na kusikia mlio mdogo. Kwa kawaida hupigwa mapigo kama 100, na kazi nzima huchukua dakika chache. Wengi husema wamesikia kuchomwachomwa kidogo tu, na wengine hawasikii kitu.

Baada ya saa moja hivi presha hupimwa tena, kisha mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Jicho linaweza kuwa jekundu, kuwasha na kuogopa mwanga kwa siku mbili tatu. Asiendeshe gari wala pikipiki siku hiyo. Kupika anaweza, ila aepuke moshi wa kuni mpaka jicho litulie. Akiona maumivu makali, au kuona kukipungua ghafla, asingoje siku ya kliniki. Arudi hospitali mara moja.

Presha haishuki palepale. Huchukua wiki nne hadi sita, na wakati mwingine zaidi. Kwa hiyo mgonjwa asitupe matone yake akitoka mlangoni mwa hospitali. Daktari ndiye atakayesema lini yapunguzwe, au kama yataendelea. Nguvu ya leza pia hupungua kadiri miaka inavyopita.

Yule bibi wa matone ya shavuni alipigwa leza ya chujio macho yote mawili. Aliporudi baada ya majuma kadhaa, presha ya jicho moja ilikuwa imeshuka vizuri, na ya jicho la pili imeshuka kidogo. Kwa hilo la pili aliendelea na tone moja, mjukuu akimtia jioni kabla ya sala. Lakini siku hiyo bibi hakufurahi. Alisema, "Wanangu, mbona sioni vizuri kuliko nilivyokuwa naona?"

Leza haiwezi kurudisha nini?

Hapa ndipo penye jibu la kweli tulilolitaja mwanzoni. Leza hairudishi nuru iliyokwisha kupotea. Matone hayairudishi. Operesheni ya glaukoma haiirudishi. Mtoto wa jicho ni habari nyingine: lenzi iliyopata ukungu hutolewa, ikawekwa ya bandia, na mtu akaona tena. Lakini mshipa wa fahamu uliokufa haufufuliwi na tiba yoyote tuliyo nayo leo.

Tulimwambia bibi hivyo, kwa upole, tukiwa tumeketi naye na mkwe wake akisikia. Tukamwambia, "Bibi, leza ni kama ukuta uliojengwa kuzunguka shamba baada ya ng'ombe kula nusu. Haurudishi mahindi yaliyoliwa. Unalinda yaliyobaki." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi yaliyobaki yananitosha kumwona mjukuu. Tuyalinde."

Si kila mgonjwa anaambiwa hivyo. Wapo waliopigwa leza wakidhani wataona kama zamani. Walipoona hali ni ileile, walisema wamedanganywa, wakaacha kliniki. Miaka miwili baadaye wamerudi wakiongozwa kwa fimbo. Hao hawakupofushwa na leza. Presha ilipanda tena taratibu na hakuna aliyeipima. Kwa hiyo, anayemsindikiza mgonjwa ahakikishe neno hili limeeleweka kabla ya leza, wala si baada yake.

Wakati jicho ni gumu kabisa

Sasa tuseme habari ya ile leza ya tatu. Daktari huifikiria pale ambapo matone yameshindwa, leza ya chujio haifai au imeshindwa, na operesheni ya kufungua njia mpya ya maji imeziba au haiwezekani. Huifikiria pia kwa jicho linalouma sana kwa presha huku nuru ikiwa imekwisha. Hapo kazi yake huwa ni kumpunguzia mgonjwa maumivu, na hilo nalo ni jambo kubwa.

Kwa leza hii mgonjwa huchomwa sindano ya ganzi kando ya jicho, au hulazwa usingizi akiwa mtoto. Daktari hugusisha kifaa mfano wa kalamu juu ya nyeupe ya jicho na kuizunguka, akipeleka mwanga hadi kwenye kile kiungo kinachotengeneza maji. Jicho halipasuliwi. Mara nyingi mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyo, lakini ajue jicho litauma na kuvimba kwa siku kadhaa, naye atapewa dawa za kutuliza.

Ni leza yenye nguvu, na hatari zake ni kubwa kuliko za leza ya chujio. Wengine hupungukiwa na uwezo wa kuona. Wachache presha yao hushuka kupita kiasi. Wengine huhitaji kurudiwa kwa sababu kiungo kile huanza kazi tena. Zamani ilikuwa ikifanywa kwa macho yasiyoona tu. Lakini madaktari walioitumia Ghana, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2001, waliijaribu hata kwa macho ambayo yalikuwa hayajafanyiwa operesheni, kwa sababu katika nchi zetu operesheni na dawa ni shida kupatikana. Siku hizi ipo pia namna yake inayopeleka mwanga kwa mapigo mafupi yenye kupumzika katikati, ili jicho lisiumie sana.

Operesheni nayo haijapitwa na wakati. Kuna wagonjwa ambao ugonjwa umefika mbali mno, nao wanahitaji presha ishuke sana na upesi. Daktari akishauri operesheni badala ya leza, msidhani anawanyima kilicho kizuri.

Mambo ambayo mama anaweza kufanya

Katika nyumba nyingi, mama ndiye anayejua nani amejikwaa, nani amekosa kula, na dawa ya nani imekwisha. Kwa hiyo tunapenda kukuachia haya:

Kama mzazi, kaka au dada yako ana glaukoma, nawe pimwa macho. Ugonjwa huu hutembea katika ukoo. Usingoje kufika miaka 40 wala kuona dalili. Wapeleke na ndugu zako wa tumbo moja.

Usinunue dawa ya macho kwa kuambiwa na jirani. Zipo dawa za matone zenye deksamethasoni na nyingine za jamii hiyo, zinazotuliza mwasho haraka. Zikitumika majuma na miezi bila daktari, zinaweza kupandisha presha ya jicho. Tunawaona watoto wenye mzio wa macho ambao mama zao, kwa upendo kabisa, wamewatia dawa hizo mwaka mzima. Mwasho umepona, nuru imekwenda.

Mtoto mchanga mwenye macho makubwa kuliko kawaida, yanayotoa machozi na kukimbia mwanga, au yenye ukungu, apelekwe hospitali bila kuchelewa. Watu husifia uzuri wa macho makubwa, lakini huenda ni glaukoma ya kuzaliwa nayo, na tiba yake ni operesheni ya mapema.

Jicho likiuma ghafla, likawa jekundu, mtu akaona upinde wa rangi kuzunguka taa, akaumwa kichwa na kutapika, hiyo inaweza kuwa presha iliyopanda kwa saa chache. Watu hudhani ni malaria. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.

Kama wewe mwenyewe una glaukoma na unatarajia kupata mimba, au una mimba, au unanyonyesha, mwambie daktari wa macho. Baadhi ya matone hupita kwenye damu na kwenye maziwa. Kwa mama wa namna hiyo, leza ya chujio inaweza kuwa njia ya kupunguza dawa.

Mnapokwenda kliniki, chukueni kadi na chupa zote za dawa, hata zilizokwisha. Ulizeni bila aibu: Je, chujio la mgonjwa wetu liko wazi au limezibwa? Presha inayotakiwa kwake ni ngapi? Je, leza inamfaa, na ni ipi? Kama hapa hakuna mashine, ni hospitali gani ya rufaa inayo? Gharama ni kiasi gani, na bima inalipa? Baada ya leza turudi lini? Kisha pigeni hesabu ya nauli, ya leza na ya kliniki zinazofuata, mkaiweke kando ya gharama ya matone ya mwaka mzima. Mara nyingine kinachoonekana ghali siku moja huwa nafuu kwa mwaka.

Na kama ni mgonjwa mzee, mpangieni mtu mmoja wa kumtia matone na kukumbuka tarehe. Kazi ya watu wote huwa si ya mtu yeyote. Mtoto wa darasa la sita anaweza kuifanya vizuri kabisa akifundishwa.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Lakini katika glaukoma, ukuta wa nuru ukishaanguka hakuna fundi wa kuujenga. Kwa hiyo ufa tunauziba leo: kwa matone yanayoingia jichoni, kwa leza inayomfaa mgonjwa, na kwa kliniki isiyoachwa. Kama kuna mtu nyumbani kwako aliyeambiwa ana presha ya macho, itafute kadi yake jioni hii uangalie ni lini alipimwa mara ya mwisho. Kama ni zaidi ya miezi sita, mpange siku ya kwenda.